Mjumbe, Mtumwa na Shahidi: Imani na Uzalendo katika Safari ya Muhammad Ali Barani Afrika, 1980

Utangulizi

Waswahili husema mjumbe hauawi. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa nia ya kumkinga mtu aliyebeba habari mbaya, na ndivyo ambavyo tumezoea kuifasiri katika madarasa ya fasihi simulizi. Hata hivyo, methali hii ina upande mwingine ambao hauzungumzwi sana. Mjumbe hauawi kwa sababu neno si lake. Anakingwa kwa sharti kwamba yeye ni kinywa tu, na kwamba moyo wake haumo katika ujumbe alioubeba. Je, hali huwaje pale ambapo mtumaji amemteua mjumbe kwa sababu ya moyo wake huo huo? Dola inapomtuma mwumini, na kumteua kwa ajili ya imani yake, je, mjumbe huyo bado anaweza kusema kwamba neno si lake?

Swali hili lilitujia darasani. Tulipokuwa tukijadili dhana ya nafsineni katika ushairi, mwanafunzi mmoja Mwislamu, aliyekuwa na nia ya kujiunga na utumishi wa ubalozi, alituuliza kama mtu anaweza kuisemea serikali yake mbele ya watu wa dini yake bila ya kuisaliti serikali au dini. Jibu tulilompa siku hiyo lilikuwa jepesi kupita kiasi. Tulimwambia kwamba balozi ni kama mwigizaji: husema maneno ya mtu mwingine, kisha huvua maleba akaenda zake nyumbani. Hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika.

Makala haya ni jaribio la kumjibu upya. Mfano tutakaouchunguza ni safari aliyoifanya bondia Muhammad Ali barani Afrika mnamo Februari 1980, akiwa ametumwa na Rais Jimmy Carter wa Marekani. Tumeuteua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, unakutanisha ndani ya mtu mmoja imani, uzalendo na diplomasia ya Marekani kuhusu nchi za Waislamu. Pili, Dar es Salaam na Nairobi zilikuwa vituo vya mwanzo vya safari hiyo, na maswali aliyoulizwa Ali katika vituo hivyo ndiyo yanayolifikisha suala letu kwenye kiini chake.

Tuma, Mtumwa, Mtume

Kabla ya kuingia katika tukio lenyewe, inafaa tuitazame lugha yetu. Kitenzi tuma kimezaa maneno ambayo maana zake zimetengana kama mbingu na ardhi. Mtume ni aliyetumwa na Mungu, na jina hilo ni la heshima kubwa. Mtumwa ni mtu aliyenyang'anywa hiari yake, na jina hilo ni la kudhalilisha. Hata hivyo, katika tenzi kongwe za pwani neno Tumwa aghalabu humrejelea Mtume Muhammad mwenyewe. Msomaji wa leo anayekutana na matumizi hayo kwa mara ya kwanza hushtuka, kwa kuwa kwake utumwa ni minyororo na soko. Kwa mtunzi wa kale, kutumwa na Mola kulikuwa ndiyo daraja ya juu kuliko zote.

Tunachojifunza hapa ni kwamba aibu haimo katika kutumwa. Suala ni nani anayetuma, na kama aliyetumwa ameridhia hali anajua. Katika Utenzi wa Tambuka, ambao ni wa mwaka 1728 huko Pate, Mtume anampelekea Herekali, mfalme wa Rumi, barua ya kumwita katika Uislamu. Anayeichukua barua hiyo anatoka katika umma ulioikubali risala iliyomo. Huyu si kinywa tu. Yanayosemwa na barua ndiyo anayoyaamini, na endapo angeulizwa juu yake angeweza kujibu kwa nafsi yake.

Kwa hivyo, tunahitaji neno la tatu, nalo ni shahidi. Katika Kiswahili, kama ilivyo katika Kiarabu, shahidi ni mtu aliyeona akasema, na pia ni mtu anayekufa kwa ajili ya imani. Mjumbe anaweza kuibeba barua iliyofungwa bila ya kuisoma. Shahidi hana ruhusa hiyo, kwani hawezi kuyashuhudia asiyoyajua. Rai yetu katika makala haya ni kwamba mtu anayetumwa kwa sababu ya imani yake amekwisha kutoka katika daraja ya mjumbe akaingia katika ile ya shahidi, apende asipende. Kinga ya methali haimfikii tena. Badala yake anapata haki nyingine, ambayo pia ni wajibu: haki ya kuuliza, na ya kumrudishia mtumaji swali.

Dhamiri Iliyokataa

Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, Muhammad Ali aliitwa jina ili apige hatua moja mbele na kuingia jeshini. Hakupiga hatua hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 25, naye alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi za uzani wa juu. Miaka mitatu nyuma alikuwa amelikataa jina la Cassius Clay akisema kwamba ni jina la utumwa. Sasa alieleza kwamba yeye ni mhubiri wa Kiislamu, na kwamba dini yake haimruhusu kupigana katika vita vya Vietnam. Alivuliwa taji na kunyimwa leseni. Mwezi Juni mwaka huo alihukumiwa kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Hakuingia gerezani kwa kuwa alikata rufaa, lakini hakupigana ulingoni kwa zaidi ya miaka mitatu, tena katika umri ambao bondia huwa katika kilele cha nguvu zake.

Wananchi wenzake wengi walimwita msaliti. Lakini hakuitoroka nchi wala hakujificha. Alikwenda mahakamani, akaingojea sheria ya nchi yake iseme. Neno mzalendo huhusishwa na kitenzi zaa, na maana yake ya msingi ni mtu wa mahali alipozaliwa. Ikiwa tutaushika msingi huo, basi mapenzi ya mzalendo yako kwa nchi na watu wake kabla ya kuwa kwa serikali iliyoko madarakani. Kwa kipimo hiki, mtu anayekubali kuadhibiwa na sheria ya nchi yake huku akiikataa amri ya serikali yake hawezi kuondolewa katika kundi la wazalendo kwa urahisi.

Tarehe 28 Juni 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha hukumu ya Ali kwa kura nane bila ya kura ya kupinga. Jaji Thurgood Marshall, ambaye Wakenya humkumbuka kwa kuwashauri wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa katiba wa Lancaster House mwaka 1960, hakushiriki. Kesi ilipoanza yeye ndiye aliyekuwa akiiwakilisha serikali katika mahakama hiyo, na mtu hawezi kuwa msemaji wa upande mmoja kisha akawa mwamuzi. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba serikali yenyewe ilikuwa imekiri mbele ya mahakama hiyo kwamba pingamizi ya Ali ilitokana na dini, na kwamba alikuwa mkweli katika aliyoyasema. Dola iliyomshtaki ilikubali kwamba mtu huyu ana dhamiri.

Dhamiri Iliyoazimwa

Mnamo Desemba 1979 majeshi ya Umoja wa Kisovieti yaliingia Afghanistan. Hatuna budi kusema wazi kwamba malalamiko yaliyofuata yalikuwa ya haki. Tarehe 14 Januari 1980 nchi 104 katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa zilipiga kura ya kutaka majeshi ya kigeni yaondoke, na mwezi huo huo mawaziri wa nchi za Kiislamu waliokutana Islamabad waliulaani uvamizi huo. Rais Carter aliwapa Wasovieti muda wa mwezi mmoja, la sivyo Marekani ingeisusia michezo ya Olimpiki iliyokuwa ifanyike Moscow.

Ali, ambaye tangu mwaka 1975 alikuwa ameufuata Uislamu wa Kisunni, alikuwa India kwa shughuli za hisani alipoombwa kwenda Afrika kuzishawishi serikali zijiunge na mgomo huo. Alikubali. Mapema Februari alipanda ndege ya serikali ya Marekani hadi Dar es Salaam. Mwezi huo huo Zbigniew Brzezinski, mshauri wa Carter katika mambo ya usalama, alisimama mpakani mwa Pakistan na Afghanistan akawaambia wapiganaji wa Kiafghani kwamba Mungu yuko upande wao.

Mhakiki akiyaweka matukio haya mawili sambamba, ataona kwamba dhamira yake ni moja. Mshauri asiye Mwislamu anawapelekea Waislamu habari za Mungu, na Mwislamu anapelekwa kwa Waafrika ili uso wake uipe uzito sera ambayo hakushiriki kuitunga. Imani ambayo mwaka 1967 haikutosha kumwokoa mtu na hukumu ya kifungo imegeuka, mwaka 1980, kuwa hati yake ya utambulisho. Dola haikumtuma Ali kwa kuwa ni mweledi wa siasa za Afrika. Ilimtuma kwa kuwa ni mweusi, ni Mwislamu, na zaidi ya yote kwa kuwa alikuwa amewahi kuikatalia dola. Kukataa kwake ndiko kulikompa heshima barani Afrika, na heshima hiyo ndiyo iliyoazimwa.

Kiswahili kinatusaidia tena hapa. Dhamira na dhamiri ni maneno ya ukoo mmoja. La kwanza tunalitumia katika uhakiki kwa maana ya kusudi au wazo kuu la mtunzi. La pili ni ile sauti ya ndani inayomhukumu mtu. Carter alikuwa na dhamira, naye Ali alikuwa na dhamiri. Kosa la safari hii lilikuwa kudhani kwamba ya pili inaweza kupewa kazi na ya kwanza bila ya kuulizwa.

Maswali ya Dar es Salaam

Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana na Ali. Hatuwezi kusema kwamba ni suala la dini, kwani Nyerere, Mkatoliki mwenye ibada, aliiongoza nchi yenye Waislamu wengi na alifanya kazi nao maisha yake yote. Ishara yake ilikuwa ya kisiasa: jambo la dola lijadiliwe na watu wa dola.

Waandishi wa habari ndio waliomkabili mgeni. Walimuuliza kwa nini Afrika iiunge mkono Marekani ilhali mwaka 1976 nchi zaidi ya 20 za Afrika zilipoisusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imecheza Afrika Kusini, Marekani ilishiriki bila ya kujali. Walimuuliza pia kwa nini Waafrika wawageuke Wasovieti, waliokuwa wakivipa silaha vyama vya ukombozi kusini mwa bara. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na katika miaka ile dhiki ya Afrika ilikuwa na majina: Zimbabwe, Namibia, Afrika Kusini.

Ali alijibu kwamba hakuwa ameambiwa mambo hayo. Kisha akasema hadharani kwamba huenda anatumiwa kufanya jambo lisilo sawa. Alipofika Nairobi aliongeza kwamba ametumwa kupokea kipigo kwa niaba ya sera za Marekani, na kwamba lau angaliijua historia yote ya Marekani na Afrika Kusini labda asingalikuja.

Maelezo ya kawaida kuhusu safari hii ni kwamba ilishindwa, na magazeti ya kwao yaliikejeli. Sisi tunapendekeza usomaji mwingine. Katika ushairi, kuna nyakati ambapo nafsineni hupasuka na sauti ya mtunzi ikasikika nyuma yake. Jambo kama hilo lilitokea Dar es Salaam. Mjumbe aliulizwa swali ambalo barua yake haikuwa na jibu lake, naye hakutunga uongo ili kuihifadhi barua. Alisema: sikuambiwa. Maneno hayo yaliwatumikia wananchi wa Marekani kuliko hotuba aliyoandaliwa, kwa sababu yaliwafikishia swali ambalo serikali yao haikutaka kuulizwa. Kuuliza si ujinga, na katika safari hii kulikuwa ndiyo sura ya juu ya uzalendo.

Hata hivyo, tusimvike kilemba cha ukoka. Ali alikubali kwanza, akauliza baadaye. Isitoshe, baada ya kugundua kwamba hakuambiwa yote, hakurudi nyumbani. Aliendelea hadi Nigeria, Liberia na Senegal. Shahidi aliyejua kwamba ushahidi wake una kasoro alitakiwa kunyamaza, au kuueleza upya kila alikofika. Hapa mwenendo wake wa mwaka 1980 haukufikia ule wa mwaka 1967.

Isisahaulike kwamba ujumbe una gharama, na anayeilipa aghalabu ni mtu ambaye hakuulizwa. Tanzania, Nigeria na Senegal zilikwenda Moscow. Filbert Bayi, aliyeikosa Montreal, alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Kenya ilisusia. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka 1978, alizuiwa mwaka 1976 kwa ajili ya Afrika Kusini na mwaka 1980 kwa ajili ya Afghanistan. Alifariki mwaka 2024 bila ya kuwahi kukimbia hata mara moja katika Olimpiki. Kususia kwa mara ya kwanza kulikuwa neno la Afrika yenyewe. Serikali ya Kenya ilikuwa na sababu zake kwa mara ya pili pia, lakini neno lilianzia kwingine. Anayekwenda kulisemea neno la aina hiyo anawiwa, angalau, na kina Rono.

Hoja za Kupinga

Rai yetu inaweza kupingwa kwa njia tatu. Kwanza, itasemwa kwamba hakuna dola inayoweza kufanya kazi iwapo kila mjumbe ataipima kila barua kwa dhamiri yake. Hoja hii ina nguvu, na ndiyo maana tunatofautisha. Balozi aliyeajiriwa kwa cheo chake hutumwa kwa sababu ya cheo. Huyo anaweza kuisoma barua ambayo asingaliiandika mwenyewe, na wanaomsikiliza wanalijua hilo. Lakini aliyetumwa kwa imani yake huwafanya wasikilizaji waamini kwamba anaamini. Akiwa haamini, au hajui, anawadanganya hata kama kila neno lake ni kweli.

Pili, itasemwa kwamba madai kuhusu Afghanistan yalikuwa ya haki, na haki haibatiliki kwa kuwa aliyeitaja ana doa. Tunakubali. Lakini aya ya 135 ya Sura An-Nisaa inawataka waumini wawe mashahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zao na jamaa zao. Ushahidi wa mwumini hauwezi kuwa wa upande mmoja. Mtu anayekwenda Dar es Salaam kuililia Kabul huku amenyamaza kuhusu Soweto ameileta nusu ya haki, na waliomsikiliza waliidai nusu iliyobaki.

Tatu, itasemwa kwamba hata anayekwenda kwa hiari yake hutumiwa. Mwishoni mwa mwaka 1990 Ali alikwenda Baghdad bila ya kutumwa na serikali yake, akarudi na Wamarekani 15 waliokuwa wamezuiliwa na Saddam Hussein. Walikuwapo waliosema kwamba alimpa Saddam nafasi ya kujionyesha, na hatuwezi kulikana jambo hilo. Tofauti ni kwamba safari hii alikijua alichokiendea. Kilikuwa watu wenye majina, na alirudi nao makwao.

Hitimisho

Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, diplomasia ya Marekani iliigeuza njia ya mwaka 1980 kuwa taratibu. Mwaka 2008 Sada Cumber, mfanyabiashara Mwislamu aliyezaliwa Pakistan, alikuwa mjumbe maalumu wa kwanza wa Marekani katika Jumuiya ya nchi za Kiislamu. Mwaka 2010 Rais Obama alimteua mwanasheria Rashad Hussain kushika nafasi hiyo, na alipomtangaza alitaja kwamba amehifadhi Kurani. Hatuna sababu ya kutilia shaka imani ya yeyote kati yao. Tunachosema ni kwamba mtumaji anapoutangaza uhafidhi wa Kurani kuwa sifa ya kazi, amejifunga pia kuyasikiliza ambayo hafidhi huyo atamrudishia.

Ali mwenyewe alitunukiwa Nishani ya Uhuru ya Rais mwaka 2005 na George W. Bush, wakati Marekani ilipokuwa na majeshi yake nchini Afghanistan, nchi ile ile aliyotumwa kuisemea miaka 25 kabla. Mnamo Desemba 2015, mgombea urais alipopendekeza Waislamu wazuiwe kuingia Marekani, Ali alitoa tamko. Aliwataka Waislamu wasimame dhidi ya wanaoutumia Uislamu kwa malengo yao binafsi, na akawataka viongozi wa kisiasa waitumie nafasi yao kuwafanya watu waielewe dini hiyo. Alikufa tarehe 3 Juni 2016. Katika tamko lile hakutumwa na mtu, na alisema dhidi ya pande zote mbili alizokuwa wake. Tunaliona kuwa ushahidi kamili kuliko hotuba zote za mwaka 1980.

Tunarudi kwa mwanafunzi wetu. Tulikosea tulipomwambia kwamba balozi ni mwigizaji. Tungependa kumwambia hivi: waweza kuisemea serikali yako mbele ya watu wa dini yako, na huenda ukawatumikia wote wawili. Lakini kabla ya kuondoka uliza kilichomo katika barua, na uliza pia kilichoachwa nje yake. Uliza umechaguliwa kwa elimu yako au kwa jina lako la Kiislamu. Ukifika, ukaulizwa swali ambalo hukuambiwa jibu lake, sema kwamba hukuambiwa. Kisha rudi nalo swali hilo kwa waliokutuma, kwani nao ni watu wako, na wanastahili kulisikia kutoka kinywani mwako.